Elfu Mbili za Shangazi

Shangazi hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Mama yetu alipofariki, mimi nikiwa darasa la pili na baba yuko baharini, yeye ndiye aliyetuchukua mimi na kaka yangu, akatulea pale Takaungu, Kilifi, kwa kusuka ukili, ule mshipi wa majani ya ukindu unaoshonwa mkeka. Basi kiharusi kilipomwangusha Juni 2024, hakuna aliyeuliza nani atamuuguza. Tuliulizana kwa pesa gani.

Mimi nashona nguo Kisauni, Mombasa. Kaka yuko Doha, anaendesha basi. Binamu yetu ni mvuvi Malindi. Nilimwambia Shangazi nitamchukua kwangu, akatikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka. Ulimi ulikuwa mzito, lakini hilo alilisema wazi: hatoki Takaungu. Ikabidi tutafute mtu wa kukaa naye.

Tulimpata mama mmoja jirani, mwenye watoto watatu, ambaye alishawahi kumuuguza mamake mwenyewe. Sisi tunamwita dada. Nilidhani kumlea mgonjwa wa kulala ni kumlisha na kumwosha. Siku ya kwanza nilimwona akiupinda mto mdogo, akauweka baina ya magoti ya Shangazi ili mifupa isigusane, kisha akaniambia, "Dada, kila saa mbili tutamgeuza, mchana na usiku. Tukimwachia ubavu mmoja atatoka vidonda vya kulalia, na vile vidonda havina mchezo." Uji alimpa kwa kijiko kidogo, akingoja aone koo limeshuka ndipo ampe kingine, kikombe kimoja nusu saa. Nilikaa mlangoni nikatazama, nikaona kuwa hii ni kazi kamili, ina ujuzi wake, na mtu anayeifanya hapewi "cha asante".

Tulipatana shilingi 10,000 kwa mwezi. Miezi miwili ya mwanzo tulimchelewesha, kila mmoja wetu akimngoja mwenzake atume, na yeye hakusema neno. Mtoto wake ndiye aliyeniambia kuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya karo. Niliona haya ambayo mpaka leo nikiikumbuka mashavu yanapata moto. Halafu nikasoma kwamba kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Mombasa, kilichotangazwa 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75. Takaungu si mjini, najua. Lakini anayegeuza mgonjwa usiku wa manane anachoka sawasawa na wa mjini.

Hapo nikanunua daftari. Mwenye mgonjwa nyumbani na ndugu walio mbali, naomba sana: nunua daftari kabla hujanunua kingine. Yetu ilisema hivi. Dada, 10,000. Pampasi za watu wazima tulianza na tatu kwa siku, shilingi 90 kila moja, ikawa zaidi ya 8,000 kwa mwezi. Dada akashauri mchana tutumie vitambaa vya pamba, pampasi mbili zibaki za usiku, tukashuka hadi 5,400. Dawa za presha 1,400. Jumla 16,800, chakula mbali. SHA, bima ya afya ya serikali, nilimlipia ya mwaka mzima, 3,600, maana kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Hiyo ni akiba ya hospitali, mwezini haionekani. Upande wa pili: kaka 8,000, mimi 5,000, binamu 2,000 na samaki kila Ijumaa. Jumla 15,000. Pengo ni 1,800.

Sasa angalia. Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mtu akiona pengo la 1,800 na kando yake kuna 2,000, hesabu inajifunga yenyewe. Na mimi niliifunga.

Kuzipata pesa hizo kulikuwa safari ndefu. Kitambulisho cha Shangazi kinasema alizaliwa 1952. Yeye anasema Uhuru ulipokuja alikuwa ameshavunja ungo, na wenzake wa rika wote wanamshuhudia. Aliyeandika mwaka ule alikadiria kwa macho, na makadirio yake yakamla Shangazi miaka kadhaa ya haki yake. Alisajiliwa usajili ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 2023, kwa chifu, na kwenye nafasi ya mlezi akaandikwa baba yangu, kaka yake. Mlezi ni yule anayeruhusiwa kumtolea pesa mzee asiyejiweza. Baba alitangulia mbele ya haki mwezi wa Ramadhani, miezi mitatu kabla ya kiharusi. Pesa zikaanza kuingia, na wa kuzitoa hayupo.

Kubadilisha mlezi nilitakiwa barua ya chifu, nakala za vitambulisho vyetu wawili, cheti cha kifo cha baba, na Shangazi mwenyewe aonekane na aweke alama ya kidole. Kumpeleka Kilifi na kumrudisha kwa tuktuk, pamoja na kungojwa, ni 1,500. Tulimfunga kwa leso kiti cha nyuma, dada upande mmoja, mimi upande mwingine.

Mashine ilimkataa. Mkono wa kulia umejikunja ngumi tangu kiharusi, hatukuweza kuufungua bila kumuumiza. Wa kushoto vidole vilifunguka, lakini havikuwa na kitu. Nilivishika nikavigeuzia kwenye mwanga wa dirisha: ncha zake ni laini kama kokwa ya embe iliyonyonywa na mtoto. Miaka zaidi ya hamsini ya kusuka ukili imeifuta mistari yote. Kijana wa mashine alijaribu gumba, shahada, cha kati, akajaribu tena. Tukarudi nyumbani na 1,500 imekwenda.

Mara ya pili dada alikuja na chupa ya maji ya moto. Akamwosha mkono kwa sabuni, akaukausha vizuri, kisha akakifumbata kile kidole cha shahada viganjani mwake dakika nzima mpaka kikapata joto. Akamwambia kijana, "Jaribu sasa, na kibonyeze taratibu, sio kwa nguvu." Mashine ikalia, ikakubali. Kwa hiyo mwenye mzee ambaye vidole vyake vimelika: sabuni, ukavu, joto, na subira. Mafuta ya nazi niliyompaka mimi safari ya kwanza nadhani yalizidisha ubaya.

Pesa zilizokuwa zimelala zilikuwa 10,000, za miezi mitano. Nilizitoa zote, nikapitia duka la dawa, nikajaza boksi la pampasi. Jioni nikaandika daftarini, nikajiona nimefanya jambo la maana.

Shangazi alikuwa ananitazama. Akaninyoshea mkono wa kushoto, kiganja juu. Nikadhani anataka maji. Akatikisa kichwa. Akasema neno moja, akalirudia mara tatu mpaka nikalishika: "Hela."

Zilikuwa zimebaki elfu nne na kitu. Nilimwekea mkononi. Alizilaza juu ya kifua, akazitenga kwa kidole, noti moja moja, polepole mno, akazisukuma mia sita upande wangu. "Deni," akasema. Kisha: "Ukindu."

Dada ndiye aliyeelewa. Wiki ya kiharusi Shangazi alikuwa amechukua mafungu ya ukindu kwa bi mmoja wa mtaa wa pili, kwa mkopo, asuke mkeka wa mtu. Karibu mwaka mzima amelala na deni lile rohoni, akijua huenda akafa nalo, na ulimi haumpi kulisema. Na pesa zake mwenyewe sisi tumezifanya za pampasi bila ya kumuuliza, kwa kuwa haongei.

Usiku ule nilimpigia kaka simu. Hatukubishana. Yeye akaongeza elfu moja, mimi elfu moja, na ile 2,000 tukaifuta kwenye hesabu za daftari. Siku hizi malipo yakiingia, mara nyingi ya miezi miwili pamoja, namletea mkononi kwanza. Mara nyingi anaturudishia nyingine za pampasi. Mwezi wa Mfungo Sita alitaka zote ziwe za ubani na maulidi, zikawa.

Yule bi wa ukindu alizikataa zile mia sita. Alikuja mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Dada yangu, mimi nilishakusamehe zamani." Shangazi akamshika mkono, akazibana noti kwenye kiganja chake, akamfunga vidole kimoja kimoja mpaka akakubali. Ukili aliouanza bado uko chini ya kitanda, umeviringwa, kiasi cha pima mbili.