Nilivyoacha kusoma METAR kama kasuku

Mwanzoni mwa mafunzo ya urubani, METAR, yaani taarifa fupi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, niliimeza kama aya za mtihani. Mwalimu akiniwekea 051000Z 33014KT 9999 FEW020 24/21 Q1016, namiminika: tarehe 5, saa 10:00 za UTC, saa za pamoja za dunia (si saa kumi yetu, hilo lilinichanganya wiki nzima), upepo unatoka nyuzi 330 kwa noti 14 (maili za baharini kwa saa), mwonekano kilomita 10 au zaidi, mawingu machache futi 2,000, joto 24, kiwango cha umande 21, kanieneo hektopaskali 1016. Sahihi tupu. Naye ananiuliza, "Kwa hiyo?" Kimya.

Kwenye upepo niliokolewa na saa ya mkononi. Namba ya njia ya kurukia ni uelekeo wake wa dira ukikata sifuri ya mwisho, kwa hiyo 36 inaelekea nyuzi 360. Upepo wa 330 umepishana nayo kwa nyuzi 30. Zifanye nyuzi kuwa dakika: dakika 30 ni nusu saa, basi chukua nusu ya upepo: noti 7 zinakupiga ubavuni. Nyuzi 15 ni robo, 45 ni robo tatu, 60 kwenda juu hesabu upepo wote. Ni makadirio tu, lakini yanafanyika kichwani huku mikono ina kazi.

Hali ya njia yenyewe niliidharau hadi siku moja, mvua ikiwa imetoka kunyesha kwenye uwanja mdogo niliokuwa naendea peke yangu. Taarifa ilisema njia 18 (lami ileile ukiitumia kutoka ncha ya pili inaitwa 36), 5/5/2. Mfumo huu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ulianza Novemba 2021: njia inagawanywa theluthi tatu, kila moja inapewa alama, 6 ikiwa kavu na 0 ikiwa mbaya kupita zote. Nikaona 2 iko mwisho, nikatulia. Kufika huko nitakuwa nimeshapunguza mwendo.

"Unatua upande gani?" mwalimu akauliza.

"36, mwalimu. Upepo unatoka kaskazini."

Akaichukua karatasi yangu, akaigeuza juu chini, akanirudishia bila neno.

Katika taarifa ile ya maandishi, theluthi huhesabiwa kuanzia ncha yenye namba ndogo, yaani 18. Mwongozaji ndege akikusomea redioni hukupangia kwa uelekeo unaotua, ila mimi nilikuwa bado chini na karatasi. Kwa anayetua 36, ile 2 ndiyo ya kwanza. Na 2 kwa siku ya mvua ni maji yaliyotuama zaidi ya milimita 3, pale pale matairi yangu yalipokuwa yaguse.

Nikakaa chini ya bawa karibu saa nzima. Taarifa mpya ikaja: 5/5/5. Safari hii nilichora mstari kwanza, nikaandika 18 ncha moja na 36 ncha nyingine, nikaugawa mara tatu, nikajaza alama, nikachora mshale wa upepo. Ndipo nikapanda.