Mkia Mwekundu: Nilivyotengeneza Hotrodi ya Ndege Bila Meno ya Papa

Kila aliyeingia gerejini kwangu aliuliza meno ya papa nitayachora lini. Waliuliza majirani, wakauliza Wakenya wa kanisani, akauliza hata shemeji yangu kwa video kutoka Tabata. Ukishasema unatengeneza gari lenye sura ya ndege ya vita, watu wanaona kitu kimoja tu: mdomo mwekundu, meno meupe na jicho kali kwenye boneti. Nilikataa tangu siku ya kwanza. Kazi ya mwaka mmoja ikala miaka mitatu kwa sababu ya ubishi huo.

Mimi ni fundi bodi. Kazi nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye milango ya daladala zilizogongana, na sasa naifanya hiyohiyo Ohio, nje kidogo ya Dayton. Huku nilikuta ugonjwa unaoitwa hotrodi. Unachukua gari la miaka ya 1920 au 1930, mara nyingi Ford, unalivua madigadi na kila kisichosaidia mwendo, unalishusha karibu na lami, kisha unalipachika injini kubwa kuliko ile lililozaliwa nayo. Ile ya asili ina masharti yake: kusiwe na kitu ambacho kijana wa California wa mwaka 1948 asingeweza kukipata.

Sasa kijana huyo alikuwa anapata wapi vitu? Hapo ndipo ndege zinapoingia. Vita ilipokwisha mwaka 1945, jeshi lilibaki na marundo ya vifaa vya ndege, likaviuza kwa bei ya kutupa: viti vya alumini, mikanda ya marubani, mita, matangi. Wanunuzi wengi walikuwa vijana waliotoka jeshini, wakiwa wamefundishwa kupiga ribiti, zile pini za kuunganisha mabati, na kufungua injini. Bill Burke, mmoja wao, aliyeyaona vitani yale matangi ya ziada yanayoning'inia chini ya ndege, alichukua moja mwaka 1946 akalifanya bodi ya gari la mbio. Baada ya hapo tangi la ndege ya vita P-38 likawa gari la heshima kwenye mbio za El Mirage na maziwa mengine ya California yaliyokauka maji. Kwa watu hao ndege haikuwa pambo. Ilikuwa stoo ya spea. Nikasema na mimi nitaingia stoo, sitaingia kwa mchoraji.

Makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani yako hapahapa Dayton, na kuingia ni bure, kwa hiyo nikawa mteja wa kila mwezi. P-40 yenye meno ipo. Lakini meno yale yenyewe ni ya kuazimana: marubani wa Kimarekani waliojitolea kupigana China mwaka 1941 waliyaiga kutoka kikosi cha Waingereza kilichokuwa Afrika Kaskazini, na Waingereza nao waliyaona kwa Wajerumani. Mimi niwe mwigaji wa tatu? Iliyonikaa moyoni ilikuwa P-51, na hasa zile za Kundi la 332, la marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakati jeshi la Marekani bado linawatenga weusi na weupe. Walipewa P-51 wakiwa Italia, Julai 1944, chini ya kamanda wao Benjamin O. Davis Jr. Kila kundi lilikuwa na alama yake; yao ikawa mkia mzima mwekundu. Nikiwa mimi, rangi yangu hii na kazi yangu hii, sikuhitaji kutafuta zaidi.

Kuna jambo jingine la P-51 lililonifurahisha nikacheka peke yangu. Bawa lake liliundwa hewa ipite juu bila kuvurugika, na ribiti na mishono ya bati huivuruga hewa. Dawa yao ilikuwa nini? Puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi! Kiwandani walijaza mishono ya sehemu ya mbele ya bawa, wakapiga msasa, wakapaka rangi ya fedha juu. Miaka yote Gerezani tulitukanwa kwa puti, kumbe ndege iliyokwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa ilikuwa na puti bawani.

Gari lenyewe ni Ford Model A ya 1931, kupe (coupe), lile fupi la milango miwili. Nilinunua ganda tu, lenye kutu mpaka magotini. Muuzaji aliniapia chasisi imenyooka. Nilipoiwekea kamba ya kupimia, kona ya kushoto ilikuwa imepanda kama mtu aliyeinua bega. Chasisi na mabati ya chini ni kazi ya kila siku kwangu, kwa hiyo sitawachosha nayo. La kutaja ni tangi. Model A hubeba petroli yake juu ya magoti ya dereva, nyuma tu ya injini. Nililing'oa nikaweka tangi jipya nyuma ya kiti. Baadaye nikasoma kwamba P-51 nayo ilikuwa na tangi la galoni 85 mgongoni kwa rubani, nikafurahi kana kwamba nilipanga.

Injini ndiyo iliyonitoa jasho. Nilitaka V8 ya Ford ya miaka ya 1946 hadi 1948, ile mafundi wanayoiita flathedi: lita 3.9, nguvu farasi 100. Valvu zake, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, hazikai juu kwenye hedi, kifuniko cha silinda, zimekaa ubavuni ndani ya bloku, chuma kikuu cha injini, kwa hiyo moshi unapotoka lazima upite katikati ya bloku, ndani ya njia za maji, ndipo ufike eksozi. Tena kila upande una silinda nne lakini midomo ya kutolea moshi ni mitatu, maana silinda mbili za kati zinachangia mmoja. Yaani unapasha maji yako mwenyewe. Ndiyo maana injini hizi zina sifa ya kuchemsha, na ndiyo maana bloku nyingi zina ufa unaotoka kwenye valvu kwenda kwenye silinda. Bloku yangu ya kwanza ilikuwa na nyufa mbili. Ikarudi kuwa chuma chakavu.

Ya pili niliipeleka kupimwa kwa shinikizo kabla ya kulipa. Ilikuwa nzima, ila imeziba. Nilichukua waya wa breki ya baiskeli, nikafumua ncha yake ikawa kama mswaki, nikauingiza kwenye kila tundu la maji na kuuzungusha kwa drili ya mkono. Tope likaanza kutoka, jekundu, zito, lenye chembe ngumu. Zile chembe zilikuwa mchanga wa kiwandani, waliotumia kusubu bloku, umekaa humo miaka zaidi ya 70. Jioni hiyo nilijaza ndoo na nusu.

Pamoja na yote hayo, siku ya kwanza barabarani lilichemsha kabla sijamaliza kilomita tano. Nilishuka, nikakaa kando ya shamba la mahindi kama fundi wa daladala aliyeishiwa. Nikalaumu rejeta, nikalaumu pampu mbili za maji, ambazo kwenye injini hii ndizo pia zinazoishikilia kwenye chasisi. Kumbe taimingi, wakati wa cheche kuwasha mchanganyiko, ilikuwa imechelewa. Moto ukichelewa kuwaka, mchanganyiko unamalizia kuungua ukiwa njiani kutoka, na njia yenyewe ndiyo ile inayopita kwenye maji. Nikasogeza kidogo tu kwenye distributa, kigawa cheche. Tangu siku hiyo mshale unakaa nyuzi 180 za Fahrenheiti na unatulia.

Sasa kiti, maana ndicho gari lenyewe. Vya vita vya kweli vipo bado, lakini bei yake leo ni ya wakusanyaji. Nikaamua kukiunda. Nilijua ndege zilivishwa alumini ya aina ya 2024, basi nikanunua bati lake la milimita 1.3, nikalibana, nikakunja ukingo kwa nyundo ya mpira. Ta! Likapasuka kwenye mkunjo mstari mzima, kama kaki. Nikajaribu tena polepole. Ta!

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja mstaafu, maisha yake yote alipiga ribiti kwenye viwanda vya ndege. Alilishika lile bati, akalisoma maandishi, akanirudishia. "Hili ni la kuvisha bawa, si la kukunja namna hiyo," alisema. "Katafute 5052." Nilipolileta hilo jipya lilikunjika kama mkeka. Akanionyesha pia kazi ya yale matundu ya duara yanayoonekana kwenye viti vya ndege. Mimi nilidhani ni ya kupunguza uzito tu. Unatoboa duara, halafu unagandamiza ukingo wake mpaka uvimbe kama mdomo wa chungu, na hapo bati lililokuwa linacheza linakaza. Umetoa alumini na umepata nguvu. Nilirudia tundu la kwanza kwa kulibonyeza na kidole, kushoto na kulia, kama mtoto.

Ribiti za ndege si zile za kuvuta kwa koleo. Ni kipande cha alumini chenye kichwa upande mmoja. Unakipitisha kwenye tundu, mmoja anakigonga kichwani kwa bunduki ya upepo, na mwingine upande wa pili anashikilia chuma kizito cha kupokelea, mpaka mkia upondeke uwe kitufe. Kitufe kiwe na upana mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Kikizidi umeponda sana, kikipungua haijashika. Ribiti zangu zilikuwa za milimita 3.2. Mtu wa kushika chuma nilikuwa naye ndani ya nyumba.

"Mama Salma, njoo dakika kumi."

Alikaa miezi miwili ya Jumamosi. Tulikubaliana maneno: nikisema "piga" anakaza, akisema "basi" naacha. Kelele yake ni kama kukaangia bisi ndani ya pipa. Kila kosa lina mwenyewe: ribiti iliyokwaruzwa kichwa ni bunduki imeteleza, hiyo ni yangu, iliyolala mkia upande ni chuma kimeinama, hiyo ni yake. Kati ya ribiti 212 za kiti cha dereva tulitoboa na kurudia 38. Za kukwaruzwa zilikuwa nyingi zaidi, na alizihesabu kwa sauti.

Umeme uliniaibisha. Ford ya enzi hizo ni volti 6, na waya wa bodi ni chanya. Miaka yangu yote hasi ndiyo imekwenda kwenye bodi, mkono ukajiendea wenyewe. Gari likawaka, lakini mita ya chaji ikawa inaenda kinyumenyume, inaonyesha betri inaisha huku jenereta inafanya kazi. Nilibadilisha mita mbili kabla sijaangalia betri.

Kwenye dashibodi nilitaka saa za ndege. Nikapata moja nzuri yenye namba zilizofifia, nikaanza kuifungua kioo ili niisafishe, Mzee akanishika mkono. Zile namba zilizokuwa zinang'aa gizani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi. Ikiwa imefungwa, mwiko ni kuifungua. Vumbi lake likiingia kifuani halina dawa. Saa ile ikaondoka gerejini. Nikaweka mita za mafuta na joto za kimakanika, mpya, zenye sura ya kizamani. Ile rangi ya kijani-njano ya ndani ya ndege nayo nilichanganya ya kawaida, kwa sababu ile ya zinki ya wakati huo ina kromu yenye sumu. Hapo ndipo uasili wangu ulipoishia, na sijutii.

Rangi ya nje ilikuwa rahisi kwangu. Fedha mwili mzima, buti na kila kilicho nyuma yake nyekundu. Juu ya boneti nilipaka kijani cha jeshi kisichong'aa, kama P-51 zilivyopakwa mbele ya kioo ili jua lisimrudie rubani machoni, na kweli, mchana wa Julai naona tofauti. Eksozi nimezileta ubavuni fupi, tatu kila upande. Rafiki mmoja alinishauri niongeze tatu za uongo zifike sita kama za Merlin, injini ya P-51. Nikamwambia injini yangu ina midomo mitatu, ya nne itatoa moshi wa nani? Puti ipo, kwenye paa, na simfichi mtu.

Kiti cha abiria bado. Bati limekatwa, matundu yamevimba vizuri, ila mshika chuma amegoma mpaka apumzike. Kwa sasa nimefunga ubao na mkanda, juu yake mto na kanga iliyokunjwa mara nne. Jumapili iliyopita tulikwenda nalo hadi makumbusho na kurudi. Tulipofika nyumbani alishuka polepole, akajishika kiuno.

"Baba Salma," akasema, "wewe umekaa kama rubani, mimi umenipakia kama bomu."