Kukausha gundi ya nyuki kwa oveni ya vakyumu hapa Mwanza: uzoefu wangu

Oveni ya vakyumu, yaani ile inayonyonywa hewa kwa pampu ili vitu vikauke kwa joto dogo, ikiwa Mwanza haifiki pale maelekezo ya kiwanda yanaposema ifike. Geji imechorwa mpaka −0.1 MPa, lakini sindano inasimama kwenye −0.086 au −0.087, basi. Mtu anabadilisha mpira wa mlango, anabadilisha hosi, mwisho anailaumu pampu, kumbe hakuna kinachovuja. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya huku ni kama kPa 88, wakati Dar es Salaam au Tanga ni kama 101. Geji ya kawaida inasoma tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo haiwezi kuonyesha zaidi ya presha iliyopo nje.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Mimi hukausha gundi ya nyuki, yaani propolisi, utomvu ambao nyuki hubandika kwenye mzinga, ikiwa imeloweshwa kwenye ethanoli, na namba zote za kazi nazisoma kwa presha kamili: kPa 88 toa kile geji inachoonyesha (MPa 0.001 ni kPa 1, kwa hiyo −0.070 ya geji ni kPa 70). Ethanoli yenye joto la nyuzi 40 huchemka presha kamili ikishuka hadi kPa 18 hivi. Huku hiyo ni −0.070 kwenye geji. Pwani ni −0.083. Sasa chukua maelekezo ya mtu wa pwani yanayosema “shusha hadi −0.07 halafu iache itulie”: kwake ethanoli haijaanza hata kuchemka, kwako trei inafura povu na kumwagika kwenye rafu. Maji kwa nyuzi 40 huchemka kwenye kPa 7.4, ambayo huku ni kama −0.081. Ukipanda hadi nyuzi 50, ethanoli inakuwa karibu kPa 29 na maji kPa 12. Namba hizo nne nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa oveni.

Malighafi nyingi hutoka kwa wafugaji wa upande wa Sengerema na Geita. Iliyokwanguliwa kwenye mzinga wa gome huwa na nta nyingi, vipande vya mti na miguu ya nyuki. Iliyonaswa kwa wavu wa plastiki juu ya mzinga wa kisasa ni safi zaidi, nami naona bei yake ya juu ni halali. Igandishe kwenye friza usiku kucha. Chini ya nyuzi 15 inakuwa ngumu na inavunjika vizuri. Ukiisaga ya moto itakuganda kwenye mashine hadi ujute. Baada ya kusaga, ioshe kwa maji baridi, uondoe kinachoelea.

Ethanoli iwe ya daraja la chakula, ya 96%, na usisahau kwamba uuzaji wa kemikali uko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo nunua kwa msambazaji aliyesajiliwa. Spiriti ya dukani ile ya rangi haifai kabisa, ina methanoli. Gongo nayo hujui ndani kuna nini. Ili kupata ya 70%, pima ml 730 za 96% uongeze maji mpaka ifike lita 1. Kilo moja ya gundi iliyosagwa inakwenda na lita 5, kwenye chombo cha kioo au chuma cha pua, wiki moja mpaka mbili, ukitikisa kila siku. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye friji usiku mmoja ili nta igande, chuja tena kwa karatasi. Usiruke hatua ya friji. Nta ikibaki, kule kwenye oveni itatengeneza ngozi juu ya trei na kuzuia mvuke kutoka.

Kuna watu hutumia 96% moja kwa moja ili wasihangaike na maji baadaye. Inawezekana, ila inavuta nta zaidi. Mimi nimebaki na 70%.

Ethanoli nyingi lazima itoke kabla trei haijaingia kwenye oveni. Ml 100 za ethanoli zikigeuka mvuke, kwa hewa ya Mwanza zinajaza karibu lita 49, na mvuke huo ukichanganyika na hewa unatosha kuifanya mita 1.5 za ujazo iwake kwa cheche moja, kwa kuwa kikomo cha chini cha mvuke huo kuwaka hewani ni 3.3% tu. Lita moja na nusu ndani ya chumba kidogo ni bomu. Mwenye mashine ya kuvukiza inayozungusha chupa, aitumie na airudishe ethanoli yake. Asiye nayo atandaze kwenye trei pana za chuma cha pua nje, juu ya maji ya moto yaliyochemshwa mbali na kumwagwa kwenye beseni. Pasiwe na jiko la mkaa, sigara wala feni karibu. Funika kwa chandarua, na siku ambayo wadudu wa ziwani wametoka kwa makundi, acha. Watajaa hata ndani ya chandarua.

Ethanoli ikiwa inakwisha utaona mchanganyiko unabadilika: mwekundu uliokuwa angavu unakuwa na ukungu, halafu maji yanajitenga juu na utomvu unazama. Hapo haijaharibika, ni kwamba utomvu hauyeyuki kwenye maji. Mwaga maji hayo taratibu kwenye chombo kingine. Utomvu unaobaki, wenye uzito wa asali, ndio wa kuingia kwenye oveni.

Trei ya sm 30 kwa 30 hubeba ml 180 tu kwa kina cha mm 2, nami sizidishi hapo. Tandika karatasi ya kuokea yenye silikoni, kunja kingo zisimame sm 4 kwa ajili ya povu. Kina kina maana kuliko nguvu ya pampu. Utomvu ukishakuwa mzito, mabaki ya ethanoli yanatambaa polepole sana kutoka chini kwenda juu, na pampu ghali haiwezi kuyaharakisha. Ukifanya tabaka nusu ya kina, muda hupungua hadi karibu robo.

Pasha oveni ikiwa tupu hadi rafu zifike nyuzi 40, ndipo uingize trei, funga, na uvute mara moja. Kupasha trei yenye ethanoli ndani ya oveni iliyojaa hewa ni kutafuta mlipuko. Trei ilale bapa kwenye rafu ya chuma, bila nafasi chini yake. Ndani ya vakyumu hakuna hewa ya kubeba joto, linapita hasa pale chuma kinapogusana, na kile kioo cha namba kinaonyesha joto la ukuta, si la trei. Kinaweza kusema 50 huku trei iko 42.

Vuta hadi −0.060, subiri dakika chache, kisha shuka kidogo kidogo ukiangalia dirishani. Karibu na −0.070 viputo vya kwanza vinatokea pembeni, vidogo, halafu eneo lote linainuka. Mkono uwe kwenye valvu ya hewa. Povu likifika nusu ya ukingo, ruhusu hewa kidogo, lianguke, endelea. Likishapoa na kubaki mapovu makubwa yanayopasuka moja moja, nenda hadi mwisho wa pampu na upandishe joto hadi 50. Sivuki 55: gundi yenyewe huyeyuka kati ya 60 na 70, na harufu yake, ambayo ndiyo mteja ananusa kwanza, huondoka mapema zaidi. Baada ya saa kadhaa toa trei, ipoze, igeuze juu chini kwenye karatasi mpya, irudishe. Kugeuza huko kunavunja ngozi ya juu.

Pampu ninayoisema ni ile ya mafuta ya hatua mbili, wanayotumia mafundi wa friji na AC. Inafaa, ila mota yake ina swichi ya kuanzia inayotoa cheche, hivyo ikae nje ya chumba, na bomba lake la kutolea lipelekwe mbali na mlango na juu ya ardhi, maana mvuke wa ethanoli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Iwashe nusu saa kabla ya kazi ili ipate moto, ukiwa umelegeza kile kifuniko kidogo cha kuingizia hewa, la sivyo mvuke wa ethanoli na maji utageuka kimiminika ndani ya oili. Oili ikigeuka nyeupe imeshapata maji. Ikipanda kwenye kioo bila wewe kuongeza, imepata ethanoli. Zote mbili, ibadilishe siku hiyohiyo.

Kati ya oveni na pampu weka mtego wa baridi, wa kunasa mvuke kabla haujafika kwenye pampu: chupa ya chuma ndani ya ndoo ya barafu tatu kwa chumvi moja kwa uzito, inashuka hadi nyuzi −15 au −20. Barafu Mwanza si shida, mwaloni Kirumba ipo tele kwa ajili ya samaki. Geji iwe upande wa oveni. Maji yakiganda kwenye mdomo wa mtego na kuziba, pampu itasikika nzuri tu huku presha ya oveni inapanda, na ukiwa na geji upande wa pampu peke yake hutajua.

Umeme ukikatika, pampu inasimama na vakyumu ya oveni inaivuta oili irudi kwenye hosi, kisha kwenye mtego, kisha kwenye trei. Dawa ni valvu ya umeme ya 230 V ya aina inayojifunga inapokosa umeme, ifungwe kwenye laini moja na pampu. Ukizima mwenyewe, mpangilio ni: funga valvu ya oveni, ruhusu hewa kwenye pampu, ndipo uzime. Utomvu ukipoa ndani ya oveni iliyofungwa haudhuriki.

Kwa kupima uvujaji kweli, endesha oveni tupu hadi mwisho, funga, zima pampu, rudi baada ya saa moja. Ikipanda kwa zaidi ya kPa 1, anza kwa kufuta mpira wa mlango kwa ethanoli, kwa kuwa chembe ya gundi iliyonata hapo ndiyo mara nyingi mkosaji. Wanaotengeneza chemba kwa sufuria na kifuniko cha akriliki niwaambie: mvuke wa ethanoli hupasua akriliki, na kifuniko cha sm 25 kinabanwa na uzito wa karibu kilo 440. Msisogeze uso hapo.

Kazi imeisha pale mizani ya 0.01 g inapotoa uzito uleule: trei yenye g 100 ikipoteza chini ya 0.1 ndani ya saa moja, natoa. Kwa anayeuza hiyo haitoshi, kwa sababu mizani haitofautishi ethanoli na mafuta ya harufu yanayopotea. Kikomo cha kimataifa cha ethanoli kwenye dawa ni 5,000 ppm, yaani 0.5%, na hicho kinapimwa kwa kromatografia ya gesi, kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara. Hewa iingie oveni polepole kupitia bomba la silika jeli, zile punje zinazofyonza unyevu, hasa masika. Ukifungua kwa pupa, vipande vyepesi vinaruka hadi mlangoni na unyevu unaingia navyo. Vunja vipande vikishapoa vizuri, tia kwenye chupa ya kahawia, funga.