Namba niliyokaribia kuiandika

Leo, nikimpima mgonjwa moyo kwa altrasaundi, nusura niandike 49. Nimeoga, nimekula, na bado namba hiyo haijanitoka kichwani.

Mama mwenyewe ni mtu mzima, miguu imevimba hadi magotini. Alilala ubavu wa kushoto, nikampaka jeli, nikaweka probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma mawimbi ya sauti, chini ya titi. Vali ya trikuspidi, mlango kati ya vyumba viwili vya kulia vya moyo, ilikuwa inavuja, na kasi ya damu ile inayorudi nyuma ndiyo tunayokadiria nayo shinikizo la damu la kuelekea mapafuni, kwa milimita za zebaki: unazidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara 4, halafu unaongeza shinikizo la chumba cha juu cha kulia. Nilipata mita 2.9 kwa sekunde, yaani 34. Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni ulizidi sentimita 2.1, na nilipomwambia, "Mama, vuta pumzi kwa pua, haraka," haukunywea hata nusu. Ongeza 15. Ndiyo hiyo 49.

Ila ukingo wa mchoro wa mkondo ule kwenye skrini ulikuwa umechanikachanika, na ventrikali ya kulia, chumba cha chini kinachosukuma damu mapafuni, ilikuwa kubwa mno kwa namba hiyo. Nje foleni ndefu. Nikasogeza probu karibu na mfupa wa kifua, nikainamisha kiganja kidogo kidogo, mpaka mstari wa dopla, kipimo cha kasi ya damu, ukalala sambamba na mkondo. Ukingo ukatokea wote, mweupe, umezunguka kama ukucha. Kasi sasa 3.5. Jumla, pamoja na ile 15, 64.

Dopla ikikaa upande hukosea kwa kupunguza tu. Nyuzi 30 zinakula robo nzima ya shinikizo lile la kasi, na mgonjwa anaandikiwa nafuu asiyokuwa nayo. Hili linaniuma kuliko kosa lolote la kazi hii.

Upana wa ventrikali ya kushoto nao una mtego wake. Mstari wa kupimia ukikatiza mshazari, sentimita 5 inasomeka 5.5, ukiipigia kipeo cha tatu kukadiria ujazo, 125 inakuwa 166, na mtu mwenye moyo wa kawaida anaambiwa umetanuka. Kwa hiyo napima kwenye ncha za vali ya mitra, mlango wa upande wa kushoto, mstari ukiwa wima juu ya mhimili wa ventrikali, na narudia.

Alipokuwa anajifuta jeli aliniuliza, "Mwanangu, mbona umerudia rudia?"

"Nilikuwa sijakuona vizuri, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akafunga kanga yake. Nikaandika 64, na chini yake: mkondo umeonekana wote.