Fundi wa miti Uingereza: yanayoamuliwa kabla msumeno haujawashwa

Mtu aliyezoea kukata miti nyumbani, akifika Uingereza hudhani kazi ya ufundi wa miti itamwia rahisi. Mikono inajua, urefu hauogopi. Kinachomkwamisha ni yale yanayotangulia msumeno: sheria ya mti wenyewe, vyeti vya anayekata, na kamba inayomshika. Maelezo haya ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao.

Nianze na sheria, kwa sababu hapa ndipo mgeni huumia bila kujua kosa lake. Mti kuwa ndani ya ua wa mtu hakumpi mwenye ua ruhusa ya kuukata. Halmashauri inaweza kuuwekea mti mmoja, safu ya miti au msitu mzima amri ya hifadhi, ambayo kazini utasikia ikiitwa TPO. Mti wenye amri hiyo haukatwi, haupunguzwi matawi, wala mizizi yake haiguswi bila kibali cha maandishi. Maombi hayalipiwi, na halmashauri ina wiki 8 za kuamua. Kuna pia maeneo yaliyohifadhiwa kwa ajili ya majengo na mandhari yake: humo, hata mti usio na amri unahitaji taarifa ya wiki 6 kabla ya kuguswa, ikiwa shina lake linazidi milimita 75 kwa kipenyo, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini.

Mteja atakuambia, "Mti ni wangu, we kata tu." Usikubali. Kosa humwangukia aliyekata pamoja na aliyemtuma, na faini ya kuua mti wenye amri haina kikomo. Makosa madogo zaidi, kama kukata matawi bila kibali, faini yake hufika pauni 2,500. Halmashauri nyingi zina ramani ya miti hiyo mtandaoni. Itazame, kisha uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Matawi yaliyokufa kwenye mti ulio hai huondolewa bila kibali. Mti uliokufa wote hutolewa taarifa ya siku 5 za kazi. Ule unaotishia kuanguka sasa hivi hukatwa kwa kiasi kile tu kinachoondoa hatari, halmashauri huarifiwa mapema iwezekanavyo, na picha za kabla na baada ndizo ushahidi wako. Piga nyingi.

Nje ya bustani kuna sheria nyingine, ile ya misitu ya mwaka 1967. Ukikata zaidi ya mita za ujazo 5 za mbao katika robo moja ya mwaka, unahitaji leseni ya Forestry Commission, idara ya serikali inayosimamia misitu, na katika hizo 5 zisizohitaji leseni ni 2 tu zinazoweza kuuzwa.

Halafu kuna wanyama. Kiota cha ndege wa porini kinachotumika hakiguswi, na msimu wake mkubwa ni Machi hadi Agosti. Popo ndio huwashangaza wengi: makazi yao yanalindwa hata wakiwa hawamo. Kabla ya kupanda, zunguka mti ukitazama matundu ya vigogota, nyufa, gome lililobanduka na mimea mizito iliyotambaa shinani. Ukiona kinyesi cheusi kidogo kinachopukutika vidoleni, simamisha kazi na mwite mtaalamu wa popo. Hasara ya siku moja ni ndogo kuliko kesi.

Kuhusu vyeti, wenyewe huviita tiketi, na vinavyotambulika zaidi ni vya NPTC na Lantra, taasisi mbili zinazotoa vyeti vya kazi hii. Mpangilio wake una mantiki: kwanza kutunza msumeno na kukata magogo yaliyolala, kisha kuangusha miti ya kipenyo hadi milimita 380, kisha kupanda kwa kamba na kumwokoa mtu juu ya mti, na ndipo kutumia msumeno ukiwa umening'inia. Usikubali kurushwa hatua. Kazi ya kupanda huhitaji mtu wa pili aliye chini, mwenye cheti cha uokoaji na vifaa vyake tayari, si vilivyofungiwa garini. Na leseni ya udereva ya Kenya, Tanzania au Uganda hukubaliwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni mtihani wa hapa. Fundi wa miti asiyeendesha gari na trela hupata kazi kwa shida, kwa hiyo anza mapema.

Suruali ya kujikinga ina nyuzi ndefu ndani yake. Cheni ikigusa, nyuzi huvutwa na kukwamisha gurudumu la msumeno. Aina A hulinda mbele tu, na inamtosha wa chini. Anayepanda huvaa aina C inayozunguka mguu wote, kwa kuwa juu mguu hukaa upande wowote. Usiifue kwa dawa ya kung'arisha, inaharibu nyuzi. Ikishakatwa na cheni mara moja, haivaliwi tena.

Msumeno wenyewe: petroli lita 5 kwa mililita 100 za oili, yaani 50 kwa 1. Kwa misumeno midogo ya juu ya mti, tupa ya duara ya milimita 4 hufaa cheni nyingi, lakini soma namba ya cheni yako kwanza. Cheni kali hutoa vipande; ikianza kutoa vumbi, ni butu. Ikikata kwa kupinda, meno ya upande mmoja yamekuwa mafupi kuliko ya upande wa pili, na dawa yake ni kuyasawazisha yote kwa jino fupi kuliko yote. Msumeno wa mpini wa juu ni wa mtini tu, na unashikwa kwa mikono miwili. Majeraha mengi ya mkono wa kushoto hutokana na kushika tawi kwa mkono huo huku wa kulia ukikata.

Sasa kamba. Kanuni ya leo ni kamba mbili, kila moja na nanga yake, yaani mahali pake pa kushikia mtini, isipokuwa tathmini ya hatari iliyoandikwa ionyeshe kwamba ya pili ingeongeza hatari. Tupa mfuko mdogo wa uzito wenye uzi mwembamba, vuta kamba kupitia panda nene iliyo karibu na shina, halafu watu wawili waipime kwa uzito wao kabla yeyote hajapanda. Wakati wa kukata, ongeza mkanda wa kiunoni wenye waya wa chuma ndani. Vifaa vyote vinavyombeba mtu hukaguliwa na mkaguzi stadi kila miezi 6, na hati huhifadhiwa. Ukaguzi huo hauondoi wako wa asubuhi: pitisha kamba yote vidoleni, ukitafuta sehemu iliyoungua, ngumu au laini kupita kiasi.

Kukata tawi ni mikato mitatu. Wa kwanza ni wa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, robo ya unene. Wa pili ni wa juu, sentimita chache nje ya ule wa kwanza, na tawi linadondoka bila kuchana gome la shina. Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ambapo tawi linatoka shinani. Uvimbe huo ndio mahali mti unapojenga ukuta dhidi ya kuoza. Alex Shigo wa Marekani alionyesha hivyo kwa kupasua maelfu ya miti. Ukikata sawasawa na shina umeondoa ukuta, na ukiacha kisiki umeacha njia ya kuvu. Rangi ya kupaka kidonda haisaidii. Mjozi na betula usizikate majira ya kuchipua, hutiririka utomvu. Mcheri ukate kiangazi, ili usipate kuvu wa jani la fedha.

Pale pasipo nafasi ya kudondosha, vipande hushushwa kwa kamba na kapi. Hapo hesabu ni lazima. Kipande cha mwaloni mbichi cha urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 40 kina kama kilo 130. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito huongezeka mara nne. Na kipande kikianguka kabla ya kamba kukaza, mzigo unaofika kwenye kapi ni mara kadhaa ya uzito wake. Ndiyo maana anayeshika breki chini huachia kamba iteleze na kupunguza mwendo polepole, hafungi ghafla. Aliye juu hupaza sauti "stand clear" (kaeni mbali) na hakati mpaka asikie jibu.

Kuangusha mti mzima kunategemea bawaba, yaani ukanda wa mbao unaoachwa bila kukatwa ili uongoze mti unapoanguka. Shina la sentimita 50: mdomo wa mwelekeo (pengo linalokatwa upande mti utakapoangukia) sentimita 10 hadi 12 kwenda ndani, bawaba ya sentimita 5 ibaki upana wote, kisha mkato wa nyuma. Bawaba ikikatwa kabisa, mti huenda unakotaka wenyewe. Safisha njia mbili za kutorokea, kwa pembe ya digrii 45 kwenda nyuma, na watu wengine wakae umbali wa urefu wa mti mara mbili.

Mashine ya kusaga matawi ndiyo utakayopewa siku ya kwanza, na wengi huidharau. Ingiza upande mnene wa tawi kwanza, ukiwa umesimama pembeni. Usisukume kwa mguu, na usiikaribie ukiwa na mkanda wa kupandia mwilini. Jaribu fito ya kusimamishia kila asubuhi kabla ya tawi la kwanza.

Mti utakaokutana nao mara nyingi zaidi ni eshi, *Fraxinus excelsior*. Kuvu inayouua ilithibitishwa Uingereza mwaka 2012 na sasa imeenea nchi nzima. Mbao zake zikishaugua huwa kavu na hukatika bila kutoa mlio wa onyo. Tawi lililoonekana zima hudondoka kwa mtikisiko tu wa mti. Eshi iliyopoteza sehemu kubwa ya majani haipandwi kwa kamba. Huitiwa jukwaa la kuinulia, au huangushwa kwa winchi na mashine kutoka mbali, na gharama yake huandikwa kwenye makisio tangu mwanzo ili mteja asije kushinikiza mtu apande.