Nilivyosawazisha fezi kwenye tawi la mita 800

Gridi yetu ndogo inaendeshwa na maji, na upotevu tuliuona kwanza kwenye pipa la maji la kumwagia umeme wa ziada. Umeme usiotumika hupelekwa na kidhibiti kwenye hita za balasti zilizozamishwa majini, ili jenereta isizidi kasi. Saa mbili usiku pipa lilikuwa linatoa mvuke, huku mwisho wa tawi moja friji za dukani zikiguna bila kuwaka. Umeme upo, haufiki.

Nilianza na mita. Nilisoma mita ya tawi na mita za wateja wote ndani ya saa moja, siku saba mfululizo. Tofauti yake ndiyo upotevu, ila humo mna pia wizi na mita mbovu, kwa hiyo hesabu hiyo haikuambii pa kwenda na ngazi. Klampu, kipimo kinachobana waya na kusoma ampea zake, ndiyo inakuambia.

Tawi lina waya wa alumini wa kusokotwa, mm² 50, wenye omu 0.641 kwa kilomita. Kwa mita 800 ni omu 0.51 kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu za moto, na nyutro, waya wa kurudishia umeme, karibu hivyohivyo. Mizigo mingi iko mwishoni. Klampu ilisoma ampea 60, 20 na 10, nyutro 46. Mwanzo wa tawi kila fezi ilikuwa na volti 235. Mwisho wake nilipata 181, 232 na 245.

Hiyo 245 ndiyo inayowachanganya mafundi. Laini inawezaje kumalizia na volti nyingi kuliko ilivyoanza? Nyutro yenye ampea 46 haibaki kwenye volti sifuri mwishoni. Inavutwa upande wa fezi nzito, na fezi nyepesi inaongezewa. Ukipandisha volti za jenereta ili kumwokoa mwenye 181, unamuunguzia vifaa mwenye 245.

Joto la waya ni ampea kipeo cha pili mara omu. Fezi tatu zilikuwa zinapoteza kW 2.1, nyutro peke yake kW 1.1. Kila fezi ikibeba 30, nyutro haibebi kitu, na jumla inashuka kutoka kW 3.2 hadi 1.4, kwa wateja walewale na waya uleule.

Usihesabu nyumba, pima ampea. Saluni moja yaweza kuwa na uzito wa nyumba nane. Nilipima kila muunganisho usiku tatu, saa ileile, nikaandika fezi yake kwa rangi kwenye nguzo. Kisha tukazima tawi, tukapima kuhakikisha limekufa, tukaliunga na ardhi, ndipo watu wakapanda. Tulihamisha miunganisho 9, tukianzia mwisho wa laini, maana ampea inayosafiri mita 800 inapoteza mara nne ya ile ya mita 200. Mashine ya kusaga ya fezi tatu hatukuigusa. Ukibadilishana fezi mbili, mota inazunguka kinyume.

Konekta za kutoboa ganda, zile ambazo meno yake hupenya ganda la waya bolti inapokazwa, usizirudie. Kichwa cha bolti hukatika chenyewe kinapofikia mkazo unaotakiwa, na kikishakatika huna tena kipimo, na meno yameshalala. Kila muunganisho ulipata konekta mpya, na tundu la zamani likazibwa maji yasiingie kwenye alumini. Nyutro huungwa kwanza na kufunguliwa mwisho. Ikiachia ukiwa umewasha, nyumba za fezi mbili zinagawana volti 400, na mwenye mzigo mdogo ndiye anayeungua.

Baada ya hapo: ampea 33, 29, 28, nyutro 5. Volti ya chini kabisa 216.

Waya wa mm² 95 ungepunguza tena nusu, lakini ni gharama, na kuuweka kabla ya kusawazisha ni kununulia kosa njia pana. Ugonjwa huu gridi kubwa nayo inao kwa namna yake: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa MW 2,115, na bado mwaka 2025 Serikali ya Tanzania ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kaskazini, sababu ikiwa upotevu wa njiani.

Saa nane usiku pipa letu bado linachemka. Hilo nyaya haziliponyi. Linataka mteja wa usiku. Kwa sasa tumempata mmoja, pampu ya maji ya kW 4, iliyofungiwa saa inayoiwasha saa tano usiku.