Siku moja na misindano ya Mufindi: patula au eliotii?

Saa 12 asubuhi. Julai hapa Mufindi ni ukungu na baridi ya kuuma masikio. Chai ya rangi, kiazi cha kuchemsha, makoti mawili, natoka. Nakusanya mbegu za misindano, yaani paini, kwa ajili ya wenye vitalu. Oda ya leo ni patula tupu, aina mojawapo ya paini, na shamba tunalokwenda limechanganywa na aina nyingine, eliotii: mwenyewe alinunua miche kwa huyu na yule mpaka mlima ukajaa.

Saa 1:30. "Kamwene!" "Kamwene, kaka." Kijana mgeni kazini anaangalia juu, kisha ananiuliza, "Kaka, hii yote si misindano tu?" Ukiwa barabarani, ndiyo.

Saa 2. Tunaanza na majani. Namwambia achune kifungu kizima, pamoja na kile kiganda chembamba kinachoshika sindano kwa chini. Patula ina sindano tatu kwa kifungu, mara chache nne au tano, laini, kijani cha kufifia, zinaning'inia kama nywele zilizonyeshewa. Za eliotii ni ngumu, kijani kilichokolea, zimetanuka, na mti huohuo una vifungu vya mbili na vya tatu. Wengi hupotelea hapo: anachuna kifungu kimoja, anahesabu tatu, anatangaza patula. Chuna kumi, tena matawi tofauti. Za mbili zikiwa nyingi, patula hiyo siyo. Urefu usikusumbue, zote zinaweza kupita sentimita 20. Na karibea, paini nyingine, nayo huwa na tatu, ndiyo maana majani peke yake siyaamini.

Saa 4. Kabla ya kupanda mti wowote, angalia chini. Koni za eliotii, yale matunda ya magamba yenye mbegu ndani, zikishaiva hufunguka na kudondoka, nyingi zikiwa na kikonyo chake. Zinang'aa kwa rangi ya kahawia, na kila gamba lina mwiba mfupi. Ukiikamata kwa pupa utaujua. Patula haiachii kirahisi. Koni zake hukaa makundi, mbili mpaka tano, zimejipinda kidogo, zimebana tawi karibu bila kikonyo, na hukaa hukohuko juu miaka kadhaa zikiwa zimefumba. Kuitoa ni kuipindapinda, na mara nyingine inakuja na tawi lake. Mti ukinitatiza kwa majani, koni ndiyo hakimu wangu.

Saa 7. Ugali na maharage. Mgema utomvu anapita na ndoo zake. Yeye anaitafuta eliotii kwa sababu inatoa utomvu mwingi, mimi naikimbia, kwa hiyo tunaelekezana vizuri tu. Anaziita paini zote "radiata". Namwambia, mzee, radiata ni aina nyingine, iliachwa kupandwa huku na Kenya tangu miaka ya 1960, kuvu wa kuunguza sindano waliimaliza.

Saa 8. Mkanda kiunoni, juu. Gome la patula huku juu ni jembamba, la rangi ya machungwa, linabanduka vipande kama karatasi. Hilo nalo ni uthibitisho. Nachukua koni zilizoacha ukijani na kuingia ukahawia. Chache nazipasua kwa panga: kiini cha mbegu kikiwa cheupe na kigumu, tunaendelea. Kikiwa majimaji, mti huo tunauacha.

Saa 10. Kufunga viroba. Lebo mbili, moja ndani moja nje: aina, shamba, tarehe. Kijana anaona nasumbua. Mbegu za patula ni ghali; viroba vikishachanganyika, nani ataketi kuchambua? Na mwenye kitalu akipanda, miche bado midogo mno kumwambia kitu.

Saa 12 jioni. Koni zimetandazwa kwenye turubai chini ya kibanda. Hizi hazifunguki bila joto. Kesho jua likitoka tunaanika. Lisipotoka, tunazichovya kwa muda mfupi kwenye maji ya moto ili gundi iachie, kisha tunazirudisha kukauka.